Mreno alinunua nyumba, Mjamaika akapewa lawama: stori ya Toronto tunayoisimulia vibaya

Kuna stori inazunguka sana kwa Waswahili wa Toronto, na mgeni akifika tu lazima apewe. Kwamba Mreno alikuja hana kitu, hata Kiingereza hajui, akachapa kazi akanunua nyumba, halafu Mjamaika alikuja na Kiingereza chake akakaa kusubiri serikali imsaidie, kwa hiyo wewe na wanao angalieni mnashinda na nani. Nimeichoka hii stori. Nimeichoka kwa sababu sio kweli, na zaidi kwa sababu wanaoisimulia ni watu weusi wenzangu, ambao watoto wao wakisimamishwa na polisi barabarani hakuna anayewauliza kama bibi yao yuko Kigoma au yuko Kingston.

Tuanze na walivyofika, maana hapo ndo mambo mengi yaliamuliwa.

Wareno wa mwanzo kuja kwa mpango wa serikali walishuka Halifax, Pier 21, Mei 1953, na meli inaitwa Saturnia, wanaume 85. Walipelekwa mashambani na kwenye reli, na wengi hawakukaa huko, wakahamia mjini. Waliowafuata wengi walitoka visiwa vya Azores, hasa São Miguel, watu wa ng'ombe na uvuvi, na chini ya dikteta wao Salazar wengi wao shule ilikuwa ni darasa la nne basi. Kuanzia 1961 ikaongezeka vita ya makoloni, vijana wakawa wanakimbia wasipelekwe Angola, Guinea au Msumbiji kupigana na FRELIMO, ile ile iliyoundwa Dar es Salaam 1962, kwa hiyo hata sisi tuna kamba yetu kwenye hii historia ukiitafuta.

Wajamaika mlango wao ulikuwa mwingine kabisa. Sheria za uhamiaji za Canada zilikuwa zinabagua rangi waziwazi mpaka 1962, na mfumo wa pointi ulikuja 1967. Kabla ya hapo mlango mkubwa uliokuwepo ni ule wa wafanyakazi wa ndani, ulioanza 1955, wanawake wa Jamaica na Barbados kwanza, masharti yake uwe na umri wa miaka 18 mpaka 35, huna mume, huna mtoto, na umefika angalau darasa la nane. Hebu soma tena hayo masharti. Mreno aliyekuja na darasa la nne alikuja kama mwanaume mwenye familia itakayomfuata, na dada wa Kijamaika aliyesoma kumzidi, wengine walikuwa walimu na makarani huko kwao, ameingia kama housigeli na kwa sharti la kutokuwa na familia. Walioficha watoto ili wapate nafasi walikuja kulipa baadaye. 1977 akina mama saba wa Kijamaika waliamriwa waondoke nchini kwa sababu hawakuandika watoto wao kwenye fomu, ikabidi wapambane na wanaharakati wakaandamana nao mpaka 1979 ndo wakaruhusiwa.

Na hiki kitu cha watoto kina matokeo marefu sana. Mtoto anabaki na bibi yake Jamaica miaka na miaka, mama anatuma mapipa ya nguo na vyakula, halafu mtoto anakuja Toronto akiwa na miaka 13 au 14, anakutana na mama asiyemjua vizuri, baridi asiyoijua, na shule inayomwambia Kiingereza chake kibovu. Wengi wetu hapa tunajua maana ya kumwacha mtoto nyumbani kwa bibi, tunajua, kwa hiyo sielewi inakuwaje tunamhukumu mwenzetu kwa jambo hilohilo.

Sasa kazi. Wareno waliingia kwenye ujenzi, zege hasa, kufunga mbao na kumwaga zege kwenye majengo na mahandaki. Kazi ngumu na ya hatari, hilo silipingi hata kidogo. Ila walikuta Waitaliano wameshatangulia na wameshapigana, maana 1960 pale Hogg's Hollow walikufa Waitaliano watano kwenye handaki la bomba la maji, na kelele zilizofuata zikabadilisha sheria za usalama na kuvipa nguvu vyama vya wajenzi. Kwa hiyo Mreno aliingia kwenye kazi yenye chama cha wafanyakazi, Local 183 ya wajenzi na wenzake, yenye mshahara unaoeleweka na pensheni, na ambayo cheti cha shule hakiulizwi, anaulizwa nani anakujua. Baba akiingia anamwita shemeji, shemeji anamwita mtoto wa kaka, mpaka saiti nzima inaongea Kireno.

Na ule mshahara ukaenda kwenye nyumba, kwa wakati uliokuwa mzuri kuliko wakati wowote. Miaka ya 60 na 70 nyumba za zamani karibu na Kensington Market na Dundas Street West zilikuwa hazitamaniki, watu weupe wenye hela walikuwa wanakimbilia vitongoji. Wareno wakazinunua, familia mbili zinaishi pamoja, juu wanapangisha, chini kwenye bezimenti kuna jiko la pili na mapipa ya divai ya kutengeneza wenyewe. Ukipita mitaa hiyo mpaka leo utaona vigae vya Bikira Maria wa Fátima vimebandikwa ukutani pembeni ya mlango, na nyuma ya nyumba mzabibu umetambaa juu ya vyuma, na sukuma wiki yao ndefu imesimama kwenye bustani mpaka baridi inaingia. Nyumba hizo leo bei yake ni ya kutisha. Mzee aliyemwaga zege miaka 30 na hajui kusoma vizuri anakufa anawaachia watoto nyumba ya zaidi ya dola milioni, na hapo ndo watu wanasema "unaona bidii".

Bidii ipo, nani kakataa. Lakini Mjamaika naye alikuwa na bidii na alikuwa na akiba. Wana mchezo wao wa kupeana hela kwa zamu wanauita partner, ni kibati kilekile chetu, na kwa hela hizo wapo walionunua nyumba. Tatizo ni kwamba wengi waliingia kwa wingi baada ya 1967, bei zinapanda, wakiwa akina mama wenye mshahara mmoja, na mwenye nyumba akisikia sauti kwenye simu anasema chumba kipo na akimuona mtu mlangoni chumba kimeshachukuliwa. Wakaishia kwenye maghorofa ya kupanga kule pembeni ya mji, Jane and Finch na Scarborough, na kodi ukiilipa miaka 40 huachi kitu.

Na kwa anayedhani hayo ya ubaguzi ni visingizio, 1985 watafiti Frances Henry na Effie Ginzberg walituma watu Toronto kuomba kazi, weupe na weusi, sifa zao zimelinganishwa. Mzungu alipata ofa tatu kwa kila ofa moja ya mtu mweusi. Tatu kwa moja, sifa zilezile, hakuna cha utamaduni wala malezi hapo, ni mlango umefungwa basi.

Sasa nakuja kwenye kitu ambacho kwangu ndo kinavunja ile stori yote, na nashangaa hakizungumzwi. Shule.

Bodi ya shule ya Toronto, TDSB, ilipofuatilia wanafunzi walioanza sekondari mwanzoni mwa miaka ya 2000, makundi yaliyoongoza kwa kuacha shule bila kumaliza yalikuwa manne hivi: watoto wa familia zinazoongea Kireno, wanaoongea Kihispania, Wasomali, na waliozaliwa Karibiani inayoongea Kiingereza. Wareno na Wakaribiani walikuwa karibu sawa, kama watoto 4 katika kila 10. Umesoma vizuri, sawa. Watoto wa wale tunaowaita wachapakazi, kizazi cha pili wengine cha tatu, wanaacha shule kwa kiwango kilekile cha wale tunaowaita wavivu. Na ukiangalia wazazi, Wajamaika kwa kawaida walikuja wamesoma zaidi, na mabinti zao wengi wakaenda koleji wakawa manesi, wahudumu wa wazee, makarani wa serikali.

Kwa hiyo kama shule ni sawa, kwa nini mwisho wao hauko sawa?

Kwa sababu kijana wa Kireno akiacha shule na miaka 17 kuna mjomba anamsubiri na gari ya kazi saa kumi na moja asubuhi. Anavaa buti, analipwa vizuri, na baba ana nyumba anaweza kuikopea ili mtoto naye apate ya kwake. Kijana wa Kijamaika akiacha shule mjomba hana saiti, mama anapanga, na anayemsubiri nje ni polisi. Sisemi kwa kukuza mambo. Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario 2018 ilitoa ripoti kwamba kati ya 2013 na 2017 mtu mweusi Toronto alikuwa na uwezekano karibu mara 20 zaidi ya mzungu kuwa kwenye tukio la kupigwa risasi na polisi na kufa. Na hata ndani ya shule, Carl James wa Chuo Kikuu cha York alionyesha 2017 kwamba asilimia 42 ya wanafunzi weusi wa TDSB walikuwa wamesimamishwa masomo angalau mara moja wakifika mwisho wa sekondari, weupe asilimia 18. Kosa la utoto kwa mmoja linaisha ofisini kwa mkuu wa shule, kwa mwingine linaingia kwenye faili. Na asiye raia faili likijaa anarudishwa Jamaica, nchi aliyoiacha ana miaka minne, hasa baada ya sheria kukazwa 1995.

Nenda Eglinton West pia, pale Little Jamaica, uangalie kitu kimoja tu, nani mwenye jengo. Kinyozi, duka la rekodi, duka la pati zile za nyama, duka la mapipa ya kutuma kwao, maisha yote yako pale, lakini wengi wenye biashara ni wapangaji. 2011 ujenzi wa treni ukaanza, barabara ikazungushiwa uzio mwaka baada ya mwaka, wateja hawana pa kupaki wala pa kuvukia, biashara nyingi zikafa. Mwenye jengo aliweza kuvumilia maana treni ikiisha jengo lake lingepanda bei, ila mpangaji alivumilia ili baadaye apandishiwe kodi. Mreno wa Dundas mtaa ukipanda bei anauza anaenda mji wa jirani, Mississauga, na hela zake mfukoni. Mjamaika wa Eglinton mtaa ukipanda bei anafukuzwa.

Sitaki mtu anielewe vibaya nikaonekana nawasema Wareno, nimefanya nao kazi na nawaheshimu sana. Wamama wao walisafisha yale maghorofa ya mabenki usiku kucha, na 1984 wakagoma pale First Canadian Place, watu ambao Kiingereza hawakijui wakasimama na mabango mbele ya jengo lililokuwa refu kuliko yote nchini wakati huo. 2006 wajenzi wao wasio na makaratasi walianza kurudishwa kwao na wakaandamana. Na wazee wao wamebaki na migongo iliyovunjika na magoti yasiyopanda ngazi, na watoto wao wanaofeli hakuna anayewaona kwa sababu kwenye takwimu wanahesabiwa weupe, kwa hiyo wanapotelea humo. Hilo nalo ni dhulma. Mtoto wa Kireno aliyeambiwa na mwalimu wake kwamba zege ndo saizi yake ameibiwa kitu, hata kama zege linalipa.

Ila Mjamaika naye kajenga vitu ambavyo sisi tuliokuja nyuma tunavitumia kila siku bila kushukuru. Rosemary Brown, mzaliwa wa Jamaica, 1972 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa kwenye bunge la jimbo lolote Canada. Alvin Curling akaja kuwa spika wa bunge la Ontario 2003. Denham Jolly alipambana miaka mingi mpaka Toronto ikapata redio ya mtu mweusi, 2001. Walioandamana kudai polisi wachunguzwe na chombo kingine badala ya kujichunguza wenyewe, kwa wingi walikuwa Wajamaika, na kile chombo kilipoundwa 1990 kikawa cha mtoto wako pia. Kwa hiyo ukimwambia mwanao asikae na Wajamaika unamtenga na watu waliompigania kabla hajazaliwa.

Mimi naona badala ya kurudia ile stori kwenye kila kipaimara na kila send-off, wazazi wetu waende kwenye vikao vya shule. Ontario imesema kuanzia 2022 watoto wa darasa la tisa hawagawanywi tena mkondo wa juu na wa chini, lakini kuanzia darasa la kumi kozi bado zinatofautiana, na mwenye kumshauri mtoto achukue ipi ni mshauri wa shule ambaye anaweza kumwangalia usoni tu akaamua. Omba uone karatasi ya kozi za mwanao, uliza kila moja inampeleka chuo kikuu au koleji, na usisaini hujaelewa. Na siku ukipigiwa simu kwamba amesimamishwa, uliza kosa ni lipi na uombe barua, halafu uliza wenzake waliofanya kosa hilohilo wamepewa adhabu gani.