Eti namchuria mtoto

Kwenye shughuli ya kifamilia juzi nilimuuliza binamu yangu, kwa upole kabisa, kama mwanawe amewahi kupimwa masikio. Mtoto ana miaka mitatu na neno lake ni moja, "ba", ambalo ni baba, basi na chakula. Kabla mama hajafungua mdomo, mashangazi wakanijibu kwa zamu. Watoto wa kiume huchelewa kuongea. Baba yake naye alichelewa, mbona leo ni wakili? Ana udata chini ya ulimi huyo, akakatwe. Na la mwisho: nisimchurie mtoto.

Haya.

Kisha ikafuata maabara. Shangazi mmoja akachukua sinia la pilau, akalipiga kwa mwiko nyuma ya mtoto. Mtoto akageuka. Vigelegele. Jamani, mtoto alikuwa ametazamana na mama yake, na macho ya mama yalihamia kwenye sinia kabla hata mwiko haujatua! Mtoto asiyesikia vizuri hujifunza mapema kusoma macho, vivuli na mtikisiko wa sakafu. Tena wengi wao si viziwi kabisa. Mlango ukibamizwa anasikia, muungurumo wa bodaboda anasikia, ila "s", "f" na "sh" zinampita. Unamwambia "fuata shati", anapata vokali tupu. Halafu mnasema mkaidi.

Nakubali, shingo upande, kwamba wapo wavulana waliochelewa na sasa hawanyamazi. Ila anayejua huyu ni wa kundi hilo bila kumpima, atuambie na mvua itanyesha lini.

Kinachoniuma ni muda. Sikio la mtoto huanza kazi angali tumboni, na wataalamu wanataka awe amechunguzwa usikivu kabla ya mwezi mmoja, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi mitatu, na msaada uanze kabla ya miezi sita. Sisi tunasubiri darasa la kwanza. Mtoto anafika shule ya viziwi na miaka saba hana lugha yoyote, si Kiswahili wala Lugha ya Alama. Ana ishara za nyumbani tu: kula, kulala, choo. Hajawahi kuuliza "kwa nini". Hajui kesho ni nini, kwa sababu hakuna aliyewahi kuweza kumwambia kuhusu kesho. Miaka yote hiyo alikuwa mtoto mwenye akili zake timamu, amekaa katikati ya watu wanaompenda, peke yake.

Na sababu zenyewe si uchawi: manjano kali ya uchangani, homa ya uti wa mgongo, rubela ya mama akiwa mjamzito (chanjo yake tumekuwa nayo Tanzania tangu 2014), sindano za gentamicin zinazookoa wachanga lakini dozi ikizidi huweza kuharibu masikio. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 60 ya upotevu wa usikivu utotoni unazuilika. Njiti na waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa nao wafuatiliwe kwa karibu zaidi. Akina baba wanaokimbia wakisikia neno "ulemavu" nitawaandikia siku nyingine, leo nina hasira za kutosha.

Najua mtasema hela. Ni kweli, mashine za masikio ni ghali na betri zake zinaisha. Upandikizaji wa vifaa vya usikivu unafanyika Muhimbili tangu 2017, lakini si kila mzazi anaufikia. Lakini Lugha ya Alama haihitaji upasuaji, na kuianza mapema si kumkatia mtoto tamaa.

Kliniki nako, mizani ndiyo mfalme. Kilo zimepanda, haya, anayefuata! Mama aulizwe basi: ukimwita bila kukuona, anageuka? Anaongeza maneno? Na akisema hapana, apewe barua ya rufaa badala ya "mvumilie tu, mama".