Funksheni thabiti si somo la dakika tano

Mara nyingi darasani funksheni thabiti, yaani kanuni inayotoa jibu lilelile kwa kila namba unayoiingiza, hupitiwa mbiombio. Mwalimu anaandika f(x) = 5 ubaoni, anachora mstari mlalo, anasema mteremko wake ni sifuri, basi, anakimbilia parabola, ule mchoro uliopinda wa x², kwa kuwa mtihani uko huko. Napinga haraka hiyo. Kwangu mimi hiyo ndiyo funksheni ya kukaa nayo muda mrefu kuliko zote, maana inasema jambo zito: weka x yoyote utakayo, jibu halitikisiki. Kwa maneno mengine, x haina kauli. Kuna mahali ambapo hilo ni ugunduzi, na kuna mahali ambapo ni uamuzi wa watu. Mwanafunzi anastahili kuonyeshwa kote kuwili.

Tuanze na ugunduzi. Chukua sufuria, sinia la pilau na kifuniko cha chupa. Zungushia uzi ukingo wa kila kimoja, ukate, kisha uupime kwa kipenyo cha kitu kilekile. Kila mara utapata vipenyo vitatu na kijipande cha ziada, kama sehemu moja ya saba hivi ya kipenyo. Ukubwa wa duara hauleti tofauti yoyote. Ingiza duara lolote, inatoka pai, yaani hiyo namba ya mzingo uliogawanywa kwa kipenyo. Pembetatu nazo ni hivyohivyo: ichore nyembamba au pana, pembe zake za ndani zitajumlika nyuzi 180. Mtoto amekuwa akisoma funksheni thabiti tangu shule ya msingi, ila hakuna aliyemwambia.

Sasa twende kwa zile zinazoamuliwa na watu. Dar es Salaam, mwanafunzi akipanda daladala analipa shilingi 200, ashuke kituo kinachofuata au aende mpaka mwisho wa njia. Kwa umbali, nauli hiyo ni thabiti. Ya mtu mzima inapanda ngazi kwa ngazi kulingana na urefu wa njia: imetulia ndani ya kila ngazi, lakini siyo thabiti kwa ujumla. Mwishoni mwa 2023 nauli ya njia fupi ilipotoka 500 ikawa 600, ile 200 ya mwanafunzi ilibaki palepale. Kwa hiyo ukiambiwa kitu ni thabiti, uliza kwanza: thabiti kwa kipi? Kwa umbali? Kwa muda? Na kuanzia wapi hadi wapi? Tukiruka swali hilo la mwisho, la kikoa, yaani thamani za x ambazo kanuni inazihusu, tunabaki na mstari usio na maana. Nadhani hata ile tabia ya makonda kuwazuia wanafunzi mlangoni asubuhi inaeleweka zaidi kwa hesabu hii. Haikubaliki hata kidogo, lakini chanzo chake kinaonekana: kwa konda, kiti kilichokaliwa na mwanafunzi kinaingiza 200 ileile njia nzima.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni kodi ya maendeleo, ambayo watu waliizoea kama kodi ya kichwa, iliyofutwa Tanzania mwaka 2003. Tuseme kiwango ni shilingi 3,000 kwa kila mtu mzima. Mwenye kipato cha 30,000 kwa mwaka anatoa asilimia 10 ya alichopata. Mwenye 3,000,000 anatoa asilimia 0.1. Chora kodi yenyewe dhidi ya kipato, unapata mstari mlalo uliotulia, unaoonekana wa haki kabisa. Gawanya kodi kwa kipato halafu uchore tena: mchirizi unaanzia juu sana upande wa maskini na kuporomoka kadiri unavyoelekea kwa tajiri. Uingereza nao walileta kodi ya namna hiyo, Scotland mwaka 1989, England na Wales mwaka 1990. Machi 1990 London ikawaka ghasia, na mwaka 1993 kodi nyingine ilichukua nafasi yake.

Sisemi kila kilicho sawa kwa wote ni dhuluma. Kivuko cha Likoni kule Mombasa kinamvusha mtembea kwa miguu bure, awe mchuuzi wa samaki au meneja wa benki: f(x) = 0, na siku watakapoibadilisha nitasikitika. Kura nayo ni moja kwa kila mpiga kura, na hapo kutomuuliza mtu kipato chake ndiko heshima yenyewe. Ninachotaka ni mwanafunzi ajue kwamba mstari mlalo uliochorwa na watu una kitu kilichoachwa kuulizwa makusudi, aweze kukitaja, na aseme kama kiliachwa kwa haki.

Walimu wenzangu, wiki ya funksheni ikifika, wapeni vijana zoezi moja tu la nyumbani: watafute malipo yasiyobadilika mtaani kwao, iwe ada ya taka, choo cha stendi au ulinzi shirikishi. Wachore grafu mbili, moja ya malipo yenyewe na nyingine ya malipo kwa kila shilingi ya kipato. Halafu kesho yake kipindi kizima kiwe cha kubishana juu ya ile ya pili.