Msiseme ni uzee, mpimeni presha

Jumapili iliyopita, kwenye arubaini ya jirani yetu hapa Majengo, shangazi mmoja alimtazama nyanya yangu akasema mbele ya watu, "Huyu akili zishakwenda, ndiyo uzee." Mwingine akadakia kwamba labda ana jini. Nilinyamaza kwa heshima ya wafiwa, ila moyo haujanitulia hadi leo.

Nyanya ameuza mahamri miaka zaidi ya thelathini. Mwaka jana, asubuhi moja, nilimkuta kabandika karai mekoni, mafuta yanafuka moshi, na unga haujakandwa. Hiliki kaishika kiganjani, anaitazama. Jina langu analijua, nyimbo za harusi zote anazo. Kilichompotea ni mpangilio: kipi kitangulie, kipi kifuate. Tena alishuka ghafla, akakaa vile vile miezi, kisha akashuka tena, kama mtu anayeteremka ngazi.

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni, na akiba hauna. Presha ikikaa juu miaka na miaka, vimishipa vyembamba vya ndani kabisa hukakamaa na kuziba. Damu ikikosa kufika, visehemu vidogo vinakufa kimoja kimoja, bila mtu kuanguka, bila mdomo kupinda. Nyanya alikuwa na tembe za presha. Kichwa kikimuuma anameza, kikipoa anaacha. Nasi tulikuwa nyumba hiyo hiyo, tukiona.

Haya, damu ya ubongoni humpungua kila anayezeeka, na kusahau miwani si ugonjwa. Lakini utafiti wa SPRINT MIND wa Marekani, uliotolewa 2019, ulionyesha kwamba kushusha namba ya juu ya presha hadi chini ya 120 kulipunguza ule udhaifu wa akili wa mwanzo. Kwa shida ya akili iliyokomaa haukutoa jibu la uhakika. Kwangu hilo la mwanzo latosha. Sukari na sigara nazo huharibu mishipa iyo hiyo.

Kilichokufa ubongoni hakirudi, ndiyo maana jana nilimgeukia mama. Ana miaka 56. "Mimi siumwi na kitu, mwanangu." Mashine ikasoma 168 kwa 102. Tukakaa kimya dakika tano, tukapima tena: 164. Nyanya, kando yake, akakunja mkono wa buibui akanyoosha wake, naye apimwe.