Sauti ya "Ndiyo" Haina Jina

Mei 2023, asubuhi moja, nilitoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi hapa Minnesota, Marekani, nikafungua simu hata kabla sijavua viatu. Nilitaka kujua jambo moja tu: mwakilishi wangu katika bunge la jimbo amepigaje kura juu ya mswada wa kemikali za PFAS. Dakika tano hazikuisha. Jina lake nililiona, na la jirani yake, na la kila mmoja aliyesema ndiyo na kila mmoja aliyesema la. Sikumpigia mtu simu, sikumwomba mtu fadhila, sikuulizwa mimi ni nani.

Nikamkumbuka mamangu, yuko Mikindani, Mombasa. Miaka yote aliyoishi pale amepiga kura kila uchaguzi, anaamka saa kumi alfajiri kwenda kushika foleni. Ukimuuliza leo mwakilishi wake wa wadi amewahi kupinga au kuunga mkono nini kuhusu takataka, moshi au maji, hana la kukujibu. Si kwa sababu hajali. Ni kwa sababu hakuna mahali alipoandikiwa.

Haya ndiyo yaliyonikaa rohoni kwa muda, nami leo nayasema.

Kwanza niwaeleze hizo kemikali, maana nyumbani bado hazizungumzwi sana. PFAS ni jamii ya kemikali zinazofanya kikaango kisishike chakula, kapeti lisiingie doa, koti lisipenye mvua. Ubaya wake ni kwamba haziozi. Zikiingia ardhini zinabaki, zikiingia kwenye maji zinabaki, na zikiingia mwilini zinachukua miaka mingi kutoka. Kampuni ya 3M, ambayo makao yake makuu yako hapa hapa Minnesota, ilizitengeneza kwa miongo kadhaa, na taka zake zikafukiwa katika vitongoji vya mashariki mwa jiji la St. Paul, zikapenya hadi kwenye visima. Jimbo liliishtaki kampuni hiyo mwaka 2010, na mwaka 2018 wakamalizana kwa dola milioni 850, pesa nyingi zikienda kusafisha maji ya kunywa.

Katika kitongoji kimojawapo, Oakdale, alisoma binti anayeitwa Amara Strande. Akiwa na miaka 15 aligundulika ana saratani ya ini ya aina isiyotokea mara nyingi. Mwanzoni mwa 2023, akiwa tayari amefanyiwa upasuaji mara nyingi, alikwenda mbele ya kamati za bunge la jimbo kuwaeleza wabunge kwa mdomo wake kwa nini kemikali hizi ziondolewe madukani. Alifariki Aprili mwaka huo, siku chache tu kabla hajatimiza miaka 21. Mwezi uliofuata sheria ikapita na gavana Tim Walz akaitia saini. Inaitwa Sheria ya Amara. Tangu Januari 1, 2025, bidhaa za aina 11 zilizotiwa PFAS makusudi haziruhusiwi kuuzwa Minnesota: vyombo vya kupikia, vipodozi, makapeti, bidhaa za watoto, bidhaa za hedhi na nyinginezo. Ifikapo 2032 marufuku itafika karibu kila kitu, isipokuwa kile ambacho hakina mbadala.

Vikaango hivyo nilikuwa navibeba kwenye sanduku kila nikija Mombasa. Zawadi ya mtu wa Marekani. Nilimpelekea mamangu viwili, dada yangu kimoja, na shangazi akaniagiza nimletee chake.

Sasa tazama jinsi kura inavyopigwa. Bunge la jimbo lina wawakilishi 134 na maseneta 67. Mswada ukifika mwisho, kila mwakilishi anabonyeza kitufe, na ubao mkubwa ukutani unaonyesha nani kaunga mkono na nani kapinga. Kura hiyo inaingia kwenye kumbukumbu rasmi za siku hiyo, na inabaki pale wajukuu wako waje kuisoma. Mashirika ya mazingira yanazichukua kura hizo, yanazipanga, na kila mwanasiasa anapewa alama kama mtoto wa shule. Februari 2023, mswada wa kutaka umeme wote wa jimbo utokane na vyanzo visivyotoa hewa ya ukaa ifikapo 2040 ulipita kwenye Seneti kwa kura 34 dhidi ya 33. Kura moja! Seneta mmoja angegeuka, mambo yangekuwa mengine, na kila mtu angejua ni yupi.

Nyumbani je? Spika anauliza: wanaosema ndiyo? Wanaitikia. Wanaosema la? Wanaitikia. Spika anasikiliza kwa sikio lake na kutangaza waliosema ndiyo wameshinda. Kumbukumbu za bunge zinaandika kwamba hoja iliulizwa ikakubaliwa, basi. Majina yanaandikwa pale tu wabunge wa kutosha wanaposimama kudai kura ihesabiwe, au pale katiba inapolazimisha. Seneti yetu ina afadhali, kwa sababu miswada inayohusu kaunti hupigiwa kura kwa ujumbe wa kila kaunti, na kila ujumbe unaitwa kwa jina. Lakini kwenye mabunge ya kaunti, ambako ndiko maisha ya mamangu yanakoamuliwa, sauti ndiyo inayotawala. Na sauti haina jina.

Nasema kaunti kwa makusudi. Ukisoma Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, kaunti ndiyo iliyopewa afya, uzoaji wa taka, na udhibiti wa uchafuzi wa hewa na kelele. Kwa hiyo mtu wa kulinganishwa na huyu mwakilishi wangu wa Minnesota si mbunge wa kule bungeni Nairobi, ni mwakilishi wa wadi. Huyo tunayemwita MCA, tunayemjua kwa harambee, kwa matanga na kwa karo aliyomlipia mtoto wa fulani. Kura yake kuhusu bajeti ya malori ya taka hatuijui, na kusema kweli hatujawahi kuiuliza.

Nani wa Mombasa hakumbuki harufu ya jaa la Kibarani, ukivuka Makupa kuingia kisiwani, madirisha ya matatu yakifungwa yote kwa pamoja? Wapo watu waliokuwa wakikaa pale, watoto wakicheza pale. Miaka na miaka bajeti za mji zilipitishwa na jaa likazidi kupanda. Lilipokuja kufungwa tulishukuru. Lakini ni nani katika miaka hiyo yote alisimama akasema hii pesa iende kwenye taka, na ni nani alisema isiende? Tungejua, tungewashukuru wengine na kuwanyima kura wengine.

Na karibu na kwetu, mwendo wa miguu tu, kuna mtaa wa Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilifunguliwa katikati ya makazi ya watu, kutoa madini ya risasi. Moshi ukaingia majumbani, maji machafu yakapita kwenye vichochoro. Watoto wakaugua, mama wakaharibikiwa mimba. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa pale pale kiwandani. Mwanawe mchanga akaonekana ana sumu ya risasi mwilini, na ndipo alipoanza kupigana. Alikamatwa, akatishwa, hakuacha. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, naye mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Hebu tazama njia iliyofuatwa. Amara alikwenda kwenye kamati ya wabunge, na wabunge wakalazimika kusema ndiyo au la hadharani. Omido ilimbidi aende kortini, miaka minane na zaidi, ngazi moja hadi nyingine. Mahakama zetu zimekuwa ndizo bunge la maskini, na namheshimu kila wakili aliyesimama na watu wa Owino Uhuru. Lakini mahakama huja baada ya mtoto kuugua. Sheria nzuri, ikipigiwa kura mapema na watu wanaojua kwamba majina yao yanaandikwa, huja kabla.

Sitaki mtu anielewe vibaya akadhani nasema Wamarekani wametushinda. Kuna mambo tumewatangulia, tena mbali. Ibara ya 42 ya katiba yetu inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya; katiba ya Minnesota haina ibara kama hiyo. Na mwaka ule wa 2017 ndio unaonifunza zaidi. Agosti 28, 2017, Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, kwa faini ya kufikia shilingi milioni 4. Mwaka huo huo, jiji la Minneapolis lilikuwa limejiandaa kuanza marufuku yake tarehe 1 Juni. Siku chache kabla, bunge la jimbo likapitisha kifungu cha kuyakataza majiji yasipige marufuku mifuko! Minneapolis ikaishia kutoza senti 5 kwa kila mfuko, tena kuanzia 2020. Mamangu anakwenda sokoni Kongowea na kikapu chake, mimi huku dukani bado naulizwa kama nataka mfuko wa plastiki.

Marufuku yetu lakini haikutokana na kura. Ilikuwa tangazo la Waziri Judi Wakhungu kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Nililifurahia, na ningelifurahia tena. Ila kitu kilichotolewa kwa kalamu ya waziri mmoja kinaweza kuondolewa kwa kalamu ya mwingine, na wabunge wetu wote hawakuwahi kulazimika kusimama upande wowote.

Tena hata huku orodha ya majina haitoshi peke yake. Sheria ya Amara ilikuwa ndani ya mswada mmoja mkubwa uliobeba mambo chungu nzima ya mazingira na bajeti yake. Mwakilishi akipinga, anaweza kukwambia: mimi sikupinga ile ya kemikali, nilipinga ukurasa mwingine kabisa. Na kile kifungu cha mifuko nacho kilikuwa ndani ya mswada mkubwa. Kwa hiyo anayesoma kura lazima asome na mswada, na amuulize mhusika. Nilimwandikia wangu barua pepe mara mbili. Mara zote mbili nilijibiwa, mara ya pili kwa maelezo marefu ambayo sikukubaliana nayo. Sikukubaliana, lakini nilijua tunabishania nini.

Mnaosema kwamba kwetu hili haliwezekani, kumbukeni Juni 25, 2024. Siku ile, katika Bunge la Taifa, kura ya Mswada wa Fedha ilihesabiwa: 195 ndiyo, 106 la. Ndani ya mswada ule kulikuwa na ushuru uliopewa jina la mazingira, ambao mwanzoni ungepandisha bei ya nepi na sodo. Kabla jua halijazama, majina ya wale 195 yalikuwa kwenye simu ya kila kijana, kutoka Lodwar hadi Likoni. Vijana waliokuwa wakiandamana walipigwa risasi siku hiyo, na sitalisema hili kana kwamba ni jambo jepesi. Kesho yake rais akakataa kuutia saini. Kizazi kile kilijua nini cha kufanya na orodha ya majina kilipoipata. Tatizo ni kwamba kwenye mambo ya taka, maji, moshi na zahanati, hatupewi orodha.

Kwa hiyo ninalolidai ni dogo na halina gharama kubwa. Kila bunge la kaunti liandike kwenye kanuni zake kwamba mswada wowote unaohusu afya au mazingira, na bajeti za idara hizo mbili, upigiwe kura kwa majina, na majina yabandikwe. Si kwenye mtandao tu, maana mamangu hana intaneti ya kudumu. Yabandikwe kwenye ofisi ya wadi na ukutani kwenye zahanati, pale anaposubiri dawa yake ya presha.

Na wakati tukisubiri kanuni hiyo, nimezungumza na mpwa wangu aliyemaliza chuo na bado anatafuta kazi. Ibara ya 196 inamruhusu kuingia kwenye kikao cha bunge la kaunti kusikiliza. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Tumekubaliana kwamba hoja ya taka au ya zahanati ikifika, nitamtumia nauli na pesa ya chakula cha mchana, naye atakaa kule juu na daftari, aandike nani amezungumza, nani amesema nini, na nani hakuwepo kabisa. Kisha jioni amsomee bibi yake.

Mamangu ameniuliza kama anaweza kwenda naye.