Hela Yako Haikuishia kwenye Maji, Mwalimu

Juzi kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu hapa Mwanga, Kigoma, mwalimu mmoja ninayemheshimu sana alituma ujumbe wa sauti. Ameanza kutibiwa mzizi wa jino, gego la chini, na ana hasira. "Daktari mwenyewe kazi yake kunimwagia maji yanayonuka jiki. Anaingiza sirinji, anatoa, anaingiza, anatoa. Karibu nusu saa! Mimi nimelipia jino, sikulipia kuoshwa." Watu wakamwaga vicheko. Mwingine akajibu kwamba yeye alipotibiwa, dakika 20 zilitosha, akaenda zake sokoni kununua dagaa. Naye akapongezwa, tena kwa makofi.

Mimi ni tabibu wa meno, na kwenye kundi kama lile ukifungua mdomo unaonekana unajitafutia wateja. Acha nijibu hapa, kwa nafasi.

Shikamoo mwalimu. Huko kuoshwa ndiko ulikokulipia.

Watu wakiona vile visindano vya chuma tunavyovizungusha ndani ya jino, faili, wanadhani ndivyo vinavyosafisha. Hata baadhi ya wenzangu wa kazi wanadhani hivyo, na wao hawana udhuru. Faili inafungua njia. Mwaka 2001 watafiti wa Zurich walipiga magego ya juu picha za kompyuta zinazoonyesha ndani ya jino kwa undani kabisa, kabla na baada ya kupitisha faili, wakakuta asilimia 35 au zaidi ya kuta za mifereji iliyo ndani ya mizizi haijaguswa. Na hayo yalikuwa meno yaliyokwisha kung'olewa, yametulia maabara, hayakohoi wala hayapokei simu. Mfereji wa mzizi haukunyooka kama bomba. Una matawi na vichochoro, na kwenye gego la chini kama lako ile mifereji miwili ya mzizi wa mbele mara nyingi inaunganishwa na upenyo mwembamba ambao hakuna chuma kinachoupita. Kiini kilichooza, ile nyama laini ya ndani ya jino, kimejibanza huko pamoja na bakteria wake. Kitakachowafuata ni kimiminika, basi.

Na hao bakteria ndio ugonjwa wenyewe. Lilimalizwa zamani hilo: mwaka 1965 huko Marekani watafiti walitoboa meno ya panya mpaka kwenye kiini, wakayaacha wazi. Panya wa kawaida viini vikaoza, majipu yakatunga. Panya waliolelewa bila vijidudu kabisa, jino limetobolewa vilevile, chakula kimejaa shimoni, kiini kikapona na kuanza kujijengea ukuta.

Sasa hiyo harufu. Ndiyo, ni dawa ileile iliyomo kwenye jiki, haipokloraiti ya sodiamu. Henry Dakin, mkemia Mwingereza, aliichanganya kwa wepesi wa karibu asilimia 0.5 kuoshea vidonda vya askari katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Sisi tunaitumia kuanzia hapo hadi asilimia 5 na ushee. Tunaing'ang'ania kwa sababu inafanya mambo mawili kwa pamoja: inaua bakteria na inayeyusha nyama iliyokufa. Maji ya chumvi yale ya dripu hayafanyi hata moja. Yanasukuma uchafu tu. Kwa hiyo zahanati inayokuosha mzizi kwa dripu peke yake, halafu inakulipisha bei ya tiba ya mzizi, sijui tuiiteje. Imekubembeleza jino.

Mbona sirinji inaingia na kutoka, inaingia na kutoka? Kwa sababu dawa hii inakwisha nguvu kadiri inavyofanya kazi. Ikigusana na uchafu imetumika, inabidi imwagwe nyingine. Nani hapa hajawahi kuosha kidumu kilichokuwa na mawese? Unajaza maji ya moto kidogo, unatikisa, unamwaga, unarudia, na bado mafuta yanakucheka kule kwenye pembe. Ukisimama juu ukamimina kwenye mdomo wa kidumu hujaosha kitu. Sasa kidumu chako kina tundu la nusu milimita na kona zisizohesabika, na wewe unalalamikia nusu saa.

Tena kuna sindano na sindano. Ya kuoshea inatakiwa iwe nyembamba, geji 27 au 30, imefumba nchani, tundu liko ubavuni. Dawa ikitokea ubavuni haifiki mbali chini ya ncha, ni kama milimita 1. Piga hesabu: mfereji una urefu wa milimita 20, mtu ameishia katikati na sindano yake nene ya kuchomea, nusu yote ya chini imebaki kama ilivyokuja. Ndiyo maana tunapanua kwanza mpaka faili namba 30 au 35 ifike chini, sindano ipate pa kupita. Halafu kuna hewa: inanaswa nchani mwa mfereji, dawa haishuki hata umimine ndoo. Hapo unachukua kijiti cha gutapacha, ule mpira tunaozibia mzizi, kinachoenea vizuri, unakipandisha na kukishusha milimita 2 au 3, haraka haraka, dawa itibuke na hewa itoke. Hakihitaji umeme. Hakihitaji mfadhili.

Najua kuna mashine za mawimbi ya sauti, na anayenitangazia kwamba bila mashine hiyo sisi wa mikoani tunabahatisha, nampa nusu ya haki. Zinatoa uchafu vizuri zaidi kwenye vile vichochoro, hilo limepimwa. Lakini kwamba wagonjwa wanapona zaidi kwa sababu yake, ushahidi bado ni mwembamba. Anayeosha kwa haraka ataosha kwa haraka na mashine pia.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni eksirei. Alikuja kwangu mama mmoja kutoka Kasulu, shavu limefura. Gego limetibiwa mzizi kwingine, na ameitunza picha yake kwenye bahasha kama cheti cha ndoa. Picha nzuri! Mstari mweupe wa gutapacha umefika chini sawasawa, ningeweza kufundishia. Nilipolifungua lile jino harufu ikajaa chumba kizima, msaidizi wangu akafungua dirisha bila kuambiwa. Eksirei inaonyesha kuziba, haionyeshi kuosha. Mgonjwa hawezi kujua, mkaguzi hawezi kujua, na pale ambapo hakuna anayeona ndipo muda unapoibiwa. Dakika 20 na sokoni.

Mengine kwa kifupi. Dawa ya EDTA ya asilimia 17, dakika moja mwishoni, iondoe lile tope ambalo faili zimelipaka ukutani. Haipokloraiti na kloheksidini, dawa nyingine ya kuua bakteria, zisikutane ndani ya jino, zinatoa mashapo ya kahawia. Raba dam, kile kipande cha raba kinacholitenga jino na mdomo, ivaliwe, sitaki mjadala. Na chupa ya dawa isikae dirishani: joto na mwanga vinaipunguza nguvu, na iliyosafiri kutoka Dar ikiwa kwenye buti la basi lililochomwa na jua inaweza kufika hapa imebaki harufu. Jiki yenye manukato ya maua, ya kufulia, abaki nayo dobi.

Haya, na mwalimu naye ana lake. Kukaa na mdomo wazi nusu saa bila mtu kukwambia kinachoendelea ni kudharauliwa, na sisi tuna tabia hiyo. Tunamwambia mgonjwa "fungua" na "tema", tumemaliza mazungumzo. Daktari wako angesema sentensi moja tu, usingetuma ile sauti. Namtetea kwa sindano yake, kwa ulimi wake simtetei.

Na hofu ya ile harufu si ya kijinga. Dawa hii ikipenya ng'ambo ya ncha ya mzizi inaunguza nyama hai. Maumivu makali yanakuja papo hapo hata ukiwa na ganzi, uso unafura kwa dakika chache, ngozi inaweza kuvilia damu. Ni nadra, na mara nyingi ni kwa sababu sindano ilibanwa ndani ya mfereji au mtu alisukuma kwa nguvu ya kujaza tairi. Sindano inatakiwa icheze, isimame angalau milimita 1 kabla ya mwisho, na bomba lisukumwe taratibu kwa kidole cha shahada. Hiyo nayo inakula muda.

Kwa hiyo utakaporudi kumalizia hilo gego, pumulia puani, harufu haitakuua. Ukisikia ladha ya jiki ulimini, onyesha kwa kidole, wakausafishe mdomo na waibane upya ile raba. Lakini ukisikia moto ghafla kwenye mzizi, inua mkono wa kushoto saa hiyohiyo. Usimstahi daktari. Nawajua wazee wa Ujiji, mtu anaungua huku anaitikia "sawa daktari, sawa".