Chama kikijigawa kinapata viti zaidi

Jumapili jioni jirani yangu, mzaliwa wa Uvira, alikaa barazani kwangu akilalamikia utitiri wa vyama kwao Kongo. Kwake yeye ni uroho wa wanasiasa tu. Mimi naamini hesabu ya kugawa viti nayo inawaita. Nikaazima daftari la hisabati la mwanangu, tukaanza kuandika.

Tangu 2006, majimbo ya Kongo yenye viti zaidi ya kimoja hugawa ubunge hivi: kura halali zinagawanywa kwa idadi ya viti, kinapatikana kipimo cha kiti kimoja. Kila chama kinapewa viti kwa kadiri kipimo hicho kinavyoingia katika kura zake. Viti vinavyosalia vinakwenda kwa wenye mabaki makubwa.

Jimbo letu la kubuni lina viti 5 na kura 100,000, basi kipimo ni 20,000. Chama cha kwanza kina kura 48,000, cha pili 29,000, cha tatu 13,000, cha nne 10,000. Cha kwanza kinapata viti 2 na kubakiwa na 8,000. Cha pili kinapata 1 na kubakiwa na 9,000. Viti 2 vilivyosalia vinachukuliwa na vile vidogo, maana kura zao zote ni mabaki.

Sasa kile kikubwa kijigawe vyama vitatu, kila kimoja kura 16,000. Hakuna kinachofika 20,000. Lakini cha pili kikishachukua kiti chake, vinabaki viti 4, na mabaki makubwa kuliko yote ni zile 16,000 tatu, kisha 13,000. Watu wale wale, kura zile zile, sasa wana viti 3.

Jirani akalivuta daftari, akarudia hesabu mwenyewe kwa kidole. "Kumbe wanalipwa kwa kujigawa," akasema.

Mwaka 2011 wagombea ubunge walizidi 18,000 kwa viti 500. Mpiga kura alipewa karatasi kubwa kama gazeti, atafute jina moja humo. Kuanzia 2018 sheria ikaweka kizingiti: chama kisichofikisha asilimia 1 ya kura za nchi nzima hakipati kiti. Dawa hii siipendi hata kidogo. Mtu anaweza kuongoza jimboni kwake kisha akakosa ubunge kwa sababu chama chake hakikupata kura mikoa ya mbali.

Ningebadilisha hesabu yenyewe. Njia ya d'Hondt inagawanya kura za kila chama kwa 1, kwa 2, kwa 3 na kuendelea, kisha viti vinafuata namba kubwa zaidi. Katika jimbo letu chama cha kwanza kinapata 3, cha pili 2. Kijigawe vipande vitatu, bado vipande hivyo kwa pamoja vinapata 3. Kujigawa hakuongezi kitu.

"Na wale wa 13,000 je?" jirani akauliza. Swali zito, kwa sababu wametoka mikono mitupu. Tukaongeza viti vya jimbo vikawa 10: cha kwanza 5, cha pili 3, cha tatu 1, cha nne 1. Kwa hiyo d'Hondt bila majimbo mapana ni kuwaonea wadogo, na anayeipigania bila kulisema hilo anapigania vyama vikubwa.

Kitu kimoja cha Kongo nisingekigusa: mwananchi anapigia jina la mgombea, na ndani ya orodha anapita aliyependwa zaidi. Afrika Kusini mpangilio wa majina huamuliwa na chama chenyewe, na mbunge anajua anayepaswa kumridhisha ni nani. Jirani yangu hajui chama cha mbunge wa kwao siku hizi, kimebadilika mno. Jina lake analijua, na la babake pia.