Mchango wa Mara Moja, Dripu ya Kila Miezi Sita

Mara ya kwanza, watu wa Kisumu walinishangaza kwa wema. Nilifungua kundi la WhatsApp Ijumaa jioni, na kufikia Jumapili baada ya kanisa pesa za dripu ya dada yangu mdogo zilikuwa zimetimia. Mama mboga wa Kibuye alituma mia moja. Wajomba wa Siaya, ambao huwa hawajibu ujumbe wa mtu yeyote, nao wakatuma.

Miezi sita baadaye nikarudi kwenye kundi lilelile. Watu wakaanza kutoka mmoja mmoja. Sikuwalaumu. Mmoja alinipigia kando akaniuliza kwa upole kabisa, "Lakini si tulimchangia akapona?"

Harambee yetu imezoea mambo yenye mwisho: upasuaji, karo ya muhula, mazishi. Unatoa, shughuli inakwisha, mnashukuriana. Maltipo sklerosisi, ugonjwa wa neva alio nao dada yangu, au MS kama wagonjwa wenyewe wanavyoiita, haina siku ya shukrani.

Dada yangu ni fundi wa nguo. Ugonjwa ulianza na jicho la kushoto, likaingia ukungu, na kila akiligeuza linauma. Tukanunua miwani. Halafu vidole vikafa ganzi hata kutunga uzi kwenye sindano ikawa kazi, na miguu ikawa mizito, hasa adhuhuri. Joto huzidisha dalili za ugonjwa huu, na joto ni kitu Kisumu haijawahi kutunyima. Walisema presha, wakasema mawazo, shangazi mmoja akasema jirani. Picha ya MRI ndiyo iliyomaliza ubishi: kinga ya mwili wake inatafuna utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo, kama panya anavyokwangua plastiki ya waya wa stima.

Daktari alitutajia okrelizumabu, dripu ya miligramu 600 kila miezi sita. Ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2017, bei yake ilitangazwa kuwa dola 65,000 kwa mwaka. Akatuangalia, akaangalia viatu vyetu nadhani, akaandika rituksimabu.

Namshukuru kwa hilo. Rituksimabu ilianza mwaka 1997 kama dawa ya limfoma, aina ya saratani, lakini inalenga seli zilezile za kinga, na siku hizi kampuni nyingine hutengeneza aina zake za bei nafuu. Uswidi wamewapa wagonjwa wengi wa MS kwa miaka. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya MS, mara ya kwanza ugonjwa huu kupata dawa yoyote humo. Kwa hiyo nikisikia mtu akisema dawa za MS ni anasa za Wazungu, huwa nazima simu.

Hata hivyo bili ilizidi kodi ya chumba chake ya mwaka mzima. Chupa ya dawa ni mstari mmoja tu wa bili. Kuna kitanda cha siku nzima kwa saa chache za kukaa, mpira wa dripu, sindano za kuzuia mzio, vipimo vya damu, na ada ya daktari aliyechungulia mlangoni.

Dirishani niliuliza kama SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ingelipia. Karani akasoma fomu. "Kifurushi hiki ni cha saratani, dada. Huyu hana saratani." Chupa ni ileile, muuguzi ni yuleyule, viti vimepangwa ubavu kwa ubavu. Kwa dakika moja nilitamani awe na saratani. Naandika hivyo makusudi, ili aliyepanga vifurushi hivi ajue vinamfanya mtu awaze nini.

Nimeambiwa wagonjwa wa MS hapa kwetu ni wachache mno kutengewa kifurushi. Basi si wachache ndio rahisi kuwalipia? Iandikwe rituksimabu kwa ajili ya MS, inunuliwe kwa pamoja, ifike mpaka hospitali za rufaa za huku Magharibi. Dada yangu akiwa na dripu anashona. Akiikosa, kuna hatari ya viti vya magurudumu, na mimi kufunga kibanda nimhudumie. Hiyo hesabu hakuna anayeipiga, kwa sababu haipiti dirishani.

Kwa sasa tumeanzisha chama. Kila mtu anatoa shilingi 300 kwa mwezi, kiwango kilekile cha chini ambacho SHA inawatoza wasio na mshahara, na tayari kila mmoja wetu anailipa hiyo pia. Pesa za chama zinatosha kitanda, mipira na vipimo. Chupa naimalizia na faida ya mitumba.

Dripu ijayo ni Februari. Tumebaki watu kumi na mmoja, na mmoja wetu anafunga harusi Desemba.